Viatu-Ganzi

Fundi Sikujua alipoingiza miguu yake kwenye viatu-ganzi, soli zilijikaza taratibu zikaushika unyayo wote, na maumivu ya kisigino yaliyomchechemeza tangu getini yakakoma palepale. Ndani ya soli mlikuwa na vinundu vya umeme vilivyozuia taarifa ya maumivu isifike ubongoni. Katika kiwanda hicho cha Tabora, ambako watu na roboti waliunda vyombo vya angani, kila mfanyakazi alivaa jozi yake na kusimama zamu nzima.

Isipokuwa Kalunde, ambaye hakuvivaa. Naye alikuwa na kisigino kibovu, cha miaka. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, aliuvuta unyayo kwa kanga mpaka ulegee. Alivaa viatu vya soli nene, vipana mbele, na wakati wa mapumziko aliviringisha unyayo juu ya chupa ya maji ya barafu. Maumivu hayakuisha, ila alijua yanataka nini.

"Unajitesa bure, shoga yangu," Sikujua alimwambia.

"Kikiuma najua nimezidisha. Wewe utajuaje?"

Sikujua alicheka. Wiki hiyohiyo alianguka kando ya roboti ya kuchomelea. Hakulia, alishangaa tu kuona mguu umepinda. Daktari aliyempiga picha alisema mfupa wa kisigino ulikuwa na ufa wa siku nyingi, naye Sikujua, bila kuhisi, akaendelea kuusimamia hadi ukavunjika. Huenda asitembee sawasawa tena.

Kesho yake msimamizi, Bwana Mihayo, alimletea Kalunde jozi mpya.

"Vaa, dada. Hivi vimeboreshwa."

"Sivai."

"Basi hutamaliza zamu umesimama."

"Kweli, siwezi. Hata Sikujua hakuweza, ila viatu vyenu vilimficha hilo."

"Hapa kazi haimsubiri mtu."

"Leo itasubiri."

Kalunde aliingia ofisini kwa Mihayo, akatoka na kiti cha msimamizi huyo, akakiweka mbele ya meza ya kazi, akakaa. Roboti zilizokuwa zikimpa vipuri zilipangiwa kimo cha mtu aliyesimama. Mikono yao ikabaki juu, hewani. Vipuri havikupita meza yake, na kazi ikakwama kiwanda kizima.

Meza ya pili, fundi mmoja alivua viatu-ganzi vyake. Maumivu yalipomrudia alikunja uso, akashika meza, lakini hakuvivaa tena.

"Inuka, Kalunde," alisema Mihayo.

"Shusheni mikono ya roboti," alijibu. "Mimi nimeshakaa."