Mwizi wa Petroli ya Mama Sare

"Lete mikono yako hapa!" alisema Mama Sare. "Inanuka petroli. Naisikia harufu nikiwa huku kwangu!"

"Sasa jenereta yangu inakunywa nini, jirani? Uji?" alijibu seremala. Taulo lilikuwa bado shingoni. "Mimi nanuka petroli, nanuka vanishi, nanuka na gundi. Chagua moja unishitaki nayo."

Madirisha ya nyumba za jirani yalikwisha kufunguka. Hakuna aliyetaka kusimuliwa ugomvi huu na mwenzake.

Mama Sare alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule, ndiyo maana watu wakamwita hivyo. Gari lake lilikuwa kuukuu, lakini lilimpeleka kila mahali. Sasa wiki ya tatu hii lilikuwa linamsumbua. Asubuhi lilikohoa na kukohoa, haliwaki. Likiwaka, linachoka kwenye kilima kama mtu aliyebeba gunia.

Leo sare sitini zilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: "Umenichelewesha mara mbili. Zisipofika kabla ya saa nne, kazi nampa mwingine." Saa ilikuwa moja na nusu, na gari lilikuwa limegoma.

Mama Sare akahesabu kwa vidole. "Kwanza kifuniko cha tangi kilipotea. Nikashona kingine cha kitambaa. Halafu petroli ikaanza kupungua usiku. Halafu gari likaanza kugoma. Mtaa huu nani mwingine ana shida na petroli kama wewe?"

"Basi ungenitegea mtego."

"Nimekutegea! Kila jioni nafunga kile kifuniko kwa uzi, kwa fundo langu mwenyewe."

"Na uzi umekatika?"

Mama Sare akasita. "Haujakatika hata siku moja. Ndipo nilipojua mwizi huyu si mchezo. Amejifunza hata fundo langu!"

Dirishani mtu alicheka. Seremala hakucheka. Miaka tisa walikuwa wanaazimana chumvi na ngazi, na leo anaitwa mwizi mbele ya mtaa mzima.

"Namwita Spana," alisema. "Yeye aseme gari lina nini."

Spana alikuwa fundi magari, mwanamke mwenye gereji ndogo pale kona. Alikuwa pia shemeji yake seremala. Mama Sare alilijua hilo. Mwizi anamleta ndugu yake awe hakimu! Lakini akaitazama saa.

"Aje," alisema. "Ila mimi sibanduki hapa. Sipepesi hata jicho."

Spana alifika na mkoba wake wa vifaa, maneno mengi mdomoni kama kawaida yake. "Za asubuhi, mama. Shemeji, hongera, nasikia umepata jina. Haya, anayevuta sigara aende mbali. Piga starta, mama."

Starta ilizunguka kwa nguvu. Injini haikuwaka.

"Betri ni nzima," alisema Spana. "Betri ikichoka, starta inazunguka kwa uvivu. Sasa tuangalie moto." Akachomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini. Starta ikapigwa tena. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo. Tumebakiwa na chakula."

"Chakula gani?"

"Petroli. Inatoka tangini, inapita kwenye chujio, inavutwa na pampu, inaingia kwenye kabureta. Tuifuate njia hiyo hiyo, tuone imekwama wapi."

Akarudisha plagi. Akachomoa waya wa koili ili cheche isiruke tena. Kisha akatoa mpira wa petroli kwenye kabureta na kuuingiza katika chupa. "Piga starta."

Ikadondoka petroli kidogo, tone moja moja.

"Si umeona?" alisema Mama Sare. "Imeibwa!"

"Mshale unasemaje?"

Mama Sare akautazama. Tangi lilikuwa na petroli karibu nusu.

"Basi petroli ipo, haifiki tu," alisema Spana. Akalifungua chujio na kulikung'uta juu ya kopo. Kikatoka kitu kama manyoya ya rangi ya kaki, kimeshikana kama nywele za kwenye kitana.

Mama Sare akakunja uso. Mkoba wa Spana ulikuwa wazi, na mikono ya mafundi ni myepesi. "Umekiweka wewe hicho," alisema. "Mmepanga na shemeji yako."

Spana hakukasirika. Akamnyooshea kopo. "Shika mwenyewe. Tazama vizuri."

Mama Sare akatazama. Katikati ya nyuzi za kaki kulikuwa na uzi mmoja wa rangi ya chungwa. Uzi ule aliutumia yeye peke yake. Aliuficha ndani ya pindo la kila nguo, ili mshonaji mwingine asije akadai kazi yake. Hata kile kifuniko cha kitambaa aliupitisha humo.

"Ni kifuniko changu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikishona kwa mabaki ya kitambaa cha sare."

"Petroli inalegeza nyuzi za kitambaa," alisema Spana. "Zimeingia tangini, zimeziba chujio. Asubuhi kabureta haijai, unapiga starta mpaka unachoka. Kilimani injini inataka zaidi, haipati. Na petroli yako inapaa hewani kama mvuke, nyingine inamwagika kwenye kona. Hiyo harufu ni ya gari lako. Ni hatari, mama. Cheche moja tu, ungetuunguza wote."

"Kumbe mwizi amevaa sare!" alisema seremala.

Mtaa mzima ukacheka. "Na kifuniko cha kwanza?" mtu akauliza dirishani.

Mama Sare akakumbuka kituo cha mafuta, siku ile ya haraka. Alikiweka juu ya paa la gari, akaondoka. "Hilo tuliache," alisema.

Seremala akajitolea kuchonga kifuniko cha mbao. "Usithubutu!" Spana alimkemea. "Mbao nazo zina vumbi." Akaleta kutoka gereji chujio jipya na kifuniko kinachobana sawasawa. Akakagua mipira yote, kama imepasuka au inavuja. Akarudisha waya wa koili. Saa tatu kasorobo injini ikanguruma.

"Linakufikisha leo," alisema Spana. "Kesho lilete. Lazima tangi lisafishwe, la sivyo nyuzi zilizobaki zitaziba na chujio hili jipya."

Sare zilifika saa tatu na nusu. Mwalimu mkuu akaagiza nyingine arobaini. Kesho yake tangi likasafishwa, na tangu hapo gari likawa linawaka mara moja kila asubuhi.

Jumapili mchana Mama Sare alibisha kwa seremala. Alimwomba radhi mlangoni, kwa sauti ya kusikika madirishani, kwa kuwa hata tuhuma aliitoa kwa sauti hiyo hiyo. Kisha akamwita kwake. Spana alikwisha kukaa mezani, anasimulia.

Seremala akasimama kizingitini. "Nikitoka hapa hutahesabu vijiko?"

"Ingia ule, bwana," alisema Mama Sare. "Sufuria sijaifunga uzi."