Mistari Miwili ya Renata

Foleni ya supu sokoni Milwaukee ilikuwa imefika mlangoni, theluji ikimwagika nje. Renata Wojcik alisimama katikati, koti la sufu la bluu, skafu nyekundu hadi masikioni, laptopu kwapani. Kijana aliyekuwa nyuma yake akaona kibandiko cha bundi kwenye ile laptopu: alama ya jukwaa la mtandaoni ambako waandishi wa programu husaidiana.

"Dada, kumbe na wewe ni wa kwa Bundi?"

"Inategemea nani anauliza."

"Desmond. Kule naitwa Bata Mvivu."

Renata akacheka hadi watu wakageuka. "Bata Mvivu! Mimi ndiye Sindano. Maswali yako yamenizeesha!"

"Sindano ni wewe? Umenichoma miaka yote hiyo, kumbe una vishimo vya mashavu?"

Supu ikawapoea mezani. Majira yalipobadilika, walikuwa wakiitana mpenzi.

Wazo la kitabu lilikuwa la Desmond: wakusanye majibu bora ya jukwaa, wayachapishe kwa ajili ya wafungwa wanaojifunza kompyuta gerezani bila mtandao. Kila jibu likae na jina la mwenyewe. Renata akatoa lake, la namna ya kufuta mafaili ya zamani.

Maboksi ya vitabu yalipofika kutoka kiwanda cha uchapaji, akaufungua ukurasa wake. Uso ukamshuka.

"Des, mistari yangu miwili iko wapi? Ile ya kuweka nakala kabla ya kufuta."

"Niliipunguza, kipenzi. Ukurasa ulijaa. Kwani kule si tunarekebishana kila siku bila kuulizana?"

"Kule ukiniharibia narudisha palepale. Wino nitaurudishaje? Mtu yuko gerezani, atafuta kazi yake yote kwa kunitii mimi, na hana pa kuuliza!"

"Mistari miwili tu, Rena."

Hiyo "tu" ndiyo iliyomtoa Renata mlangoni, akaenda kwake.

Jamani vijana, mazoea ni mwizi wa adabu. Renata hakuogopa kitabu peke yake. Aliogopa nyumba: mume atakayempunguza kidogo kidogo, na kila mara kwa upendo.

Simu ikalia, ikalia, mwisho akapokea.

"Umekula?"

"Usinizunguke, Desmond."

"Vitabu sijavipeleka. Nataka tubandike karatasi ndogo ndani ya kila kimoja."

"Na umeshaiandika, najua."

"Sijaandika hata herufi. Maneno ni yako, nimekuja kuyaomba. Niko chini hapa, vidole vinaganda."

Renata akachungulia dirishani. Alikuwepo kweli, hana kofia, maboksi miguuni kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

"Panda juu kabla hujafa, mjinga wewe."

Akaandika mistari mitatu. Desmond akasoma, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema."

"Wa tatu ni mrefu."

"Na?"

"Na ubaki hivyohivyo."

Wakachapa, wakakata, wakabandika, gundi hadi kwenye mikono ya sweta.

"Rena, niulize jambo lingine? Utakubali nikuoe?"

Renata akaibana karatasi kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Nitakubali. Ila jibu langu ni refu, na utalisikiliza lote."

Desmond akaweka gundi chini, akavuta kiti karibu.

"Anza," akasema.