Feni ya Mlangoni

Feni ilikuwa inazunguka bila sauti, na hilo ndilo lililomfanya Stellah Nzula asimame katikati ya chumba cha kungojea akiwa bado na mkoba begani.

Utasema feni isiyo na kelele ni baraka. Si hii. Stellah aliinunua Ngara kwa sababu ya kelele zake. Muuzaji alipotaka kumpa iliyo tulivu alikataa, akachagua inayokoroma. Yeye ni mwanasaikolojia mwenye leseni, na ofisi yake ya ghorofa ya tatu huko Parklands ina mlango mwembamba kama kadibodi. Feni ilikaa nje ya mlango huo, mahali wateja wanapongojea, ili yanayosemwa ndani yasisikike. Hata siku za baridi ya Julai iliwashwa.

Jumatano hiyo mapanga yalizunguka kama kawaida lakini chumba kilikuwa kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Kisha akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha, naye hanywi maziwa, chai yake ni ya rangi. Alitafuta hadi chini ya viti, asione kitu.

Kesho yake saa kumi na moja jioni akaja mteja wake, Wanjugu. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa Gichuru, ambaye ni mzee wa kanisa kule mjini Kikuyu. Wiki tatu nyuma alikuwa amemwambia Stellah jambo alilolificha miaka ishirini na miwili: kwamba akiwa msichana wa chuo alijifungua mtoto, akamfunga kwa taulo ya manjano, akamwacha kwenye lango la hospitali ya misheni. Gichuru hajui. Wanjugu alisema akijua, ndoa imeisha.

Siku hiyo alikatiza maneno yake, akageukia mlango.

"Daktari, kuna mtu hapo nje? Nasikia kama mtu anaongea."

Stellah akafungua. Viti vilikuwa vitupu. Akainama karibu na feni, na kutoka katikati ya mapanga akasikia sauti ya chini ya mwanamke: "Tumwombee mwalimu mmoja, alimfunga mtoto kwa taulo ya manjano..." Sauti ilikuwa ya Stellah mwenyewe, ikiwa na ule utamu anaoutia akiwa kanisani.

"Ni redio ya jirani," alimwambia Wanjugu. Akaona aibu ikimpanda hadi masikioni.

Sasa niseme alichofanya, maana yeye mwenyewe alikuwa hataki hata kukikumbuka. Kila Jumanne saa ya chakula cha mchana, Stellah huenda kwenye ushirika wa wanawake, ukumbi wa juu ya maduka ya jumla hapo Ngara. Kila mmoja huleta ombi. Jumanne ile, siku moja kabla ya feni kunyamaza, Cate alileta mume aliyepooza, Mama Maureen, kiongozi wao, alileta mwanawe mlevi, na zamu ilipomfikia Stellah hakuwa na kitu. Wakamtazama. Sijui kwenu, lakini pale mtu asiye na ombi huonekana ana makubwa anayoficha. Basi akatoa la Wanjugu. "Sitataja jina," alianza, na ndani ya dakika tano wanawake saba walikuwa wanalia. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: alifurahi kuwaona wakilia.

Ijumaa akapiga simu. Chama cha wanasaikolojia kina mtu Upper Hill anayepokea simu za wenzake waliokwama, kwa siri, si kwa kuwashtaki bali kwa kuwaelekeza. Siku hizo alikuwa Daktari Mutie, mzee anayeongea polepole.

"Sikutaja jina, Daktari."

"Sijakuuliza jina. Ulisema nini?"

"Kwamba ni mwalimu. Habari ya mtoto. Na taulo."

"Rangi yake pia?"

"Ya manjano," Stellah akasema.

"Basi umemtaja," Mutie akasema. "Kikao kijacho, kabla hata hajakaa, mwambie. Mwambie ulisema nini na mbele ya nani. Mwambie ana haki ya kukushtaki na haki ya kutafutiwa mtu mwingine. Halafu uandike kwa faili."

"Daktari, kuna kitu kingine. Kuna sauti hapa ofisini."

"Ya nani?"

"Yangu."

Stellah akasikia mzee akifunga mlango upande wa pili.

"Wewe si wa kwanza kuniambia hivyo kwa hii laini," alisema. "Sikiza mama. Usiite mtu wa kukitoa. Kitaondoka hapo ofisini ukimwambia mwenye siri. Na usikawie, maana kinakula siri ikisambaa, na kinaifuata inakofika."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kumwambia Wanjugu kulikuwa aibu. Kumwambia Mama Maureen kwamba ofisi imeingiwa na pepo hakukuwa na aibu yoyote. Hayo hutokea kwa watu wema. Stellah akachagua rahisi. Jumanne akawaomba wale wa ushirika waje kukemea pepo, na Alhamisi saa kumi wanawake wote saba wakapanda ngazi hadi Parklands.

"Hii si pepo ya kawaida," Mama Maureen alinong'ona, akiziba pua kwa leso. "Hii ni jini. Unaskia hiyo harufu?"

"Mama, tuharakishe," Stellah akasema. "Niko na mteja saa kumi na moja."

Wakaizunguka feni, wakashikana mikono, wakaanza kukemea kwa sauti za chini zisizo na uhakika, na kadiri walivyokemea ndivyo mapanga yalivyozidi kwenda kasi na harufu ya maziwa kuwa nzito hadi Cate akaanza kutapika, na Stellah akahisi kitu kinyevu kikimpapasa mdomo kama kidole cha mtoto mchanga kinachotafuta ziwa, akafumba midomo kwa nguvu zake zote, lakini sauti yake ikatoka hata hivyo, si kinywani mwake bali kwenye feni, wazi, tamu, ikisema yote tangu mwanzo, chuo na lango na taulo, na safari hii ikataja jina, Wanjugu, mke wa Gichuru wa Kikuyu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Waliponyamaza wote, Wanjugu alikuwa amesimama kwenye ngazi. Shule ilikuwa imefunga mapema.

"Hiyo ni sauti yako," alisema.

Stellah angeweza kusema ni jini. Mashahidi alikuwa nao saba.

"Ni yangu," alijibu. "Niliwaambia. Wiki iliyopita, kwa maombi. Nilikosa cha kusema, nikakusema wewe. Nisamehe. Una haki ya kunishtaki, mwenyewe nitakupa namba ya chama."

Pale pale feni ikaanza kukoroma. Harufu ikakatika. Hakuna aliyesema haleluya.

"Namba utaniletea," Wanjugu akasema. "Lakini kwanza waambie hawa waache kuisema. Gichuru asikie kutoka kwangu, siku nitaweza. Si kwa mtu mwingine. Haki ya Mungu, hiyo tu ndio nataka."

Jumanne iliyofuata Stellah alikwenda Ngara kuwaomba. Alikuwa ameandika kwenye faili, na ofisini feni ilikuwa inapiga kelele zake za zamani. Alisimama mbele ya wanawake wale akasema alivyokosea, na kwamba habari ile isitoke pale.

"Mimi nilimwambia tu dada yangu aombe," Cate akasema, macho chini.

"Mimi nilimwambia wifi yangu," Mama Maureen akasema. "Na hao wa kundi la simu. Lakini ni waombaji, Stellah."

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mgeni, mama mmoja nadhifu aliyejitambulisha kuwa Ciru wa Kikuyu. Zamu ikamfikia. Akasimama, na ukumbi mzima ukanuka maziwa yaliyochacha.

"Mimi langu sina," alisema, "lakini nimeletewa moja, na Jumapili tutaliombea kanisani kwetu, mbele ya wazee wote."

Stellah akainuka kumzuia. Mdomo wa Ciru ulikuwa unafunguka na kufungika, ila iliyotoka humo ilikuwa sauti ya Stellah, na utamu wake ule ule.

"Sitataja jina," ilisema.