Programu Isiyo na Mwenyewe

Kila programu ilikuwa na mwenyewe, isipokuwa moja.

Fundi wa mitandao wa hospitali, mwanamke ambaye wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake, aliitazama kwenye kioo cha kompyuta mpaka chai yake ikapoa. Mkuu wake alimpa kazi ya kukagua programu zote zinazouamrisha mtandao wa hospitali kabla ya kuhamia mtambo mpya. Zamani kila swichi, kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao, ilijiamulia njia ya kupitishia simu na taarifa. Siku hizi swichi zote zilitii kompyuta moja waliyoiita Ubongo, na programu ndizo zilizouambia Ubongo la kufanya. Kuna iliyogawa mzigo njia moja isizidiwe. Kuna iliyofukuza wadukuzi. Kuna iliyohakikisha simu za wodini zinatangulia nyingine zote. Hii haikuwa na jina wala aliyeiweka, na ilikuwa na amri moja tu: fungua njia ya kwenda chumba cha chini, jengo la zamani.

"Chini kule hakuna kitu," mkuu alisema bila kugeuka. "Hata nyaya tulishang'oa. Ifute tu."

Sindano hakuifuta. Tangu yeye na mdogo wake wamzike mama yao, kila jambo lilimfikia kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Alikula bila kuonja, akacheka wenzake walipocheka. Sasa alinyanyua simu ya mezani, akapiga namba ya chumba kile, kama mtu anayebonyeza jino bovu aone kama bado linauma.

Simu ikapokelewa.

Kwanza ilikuja pumzi. Kisha harufu ya udongo uliolowa ikatoka kwenye mkonga wa simu.

"Umekula, mwanangu?" sauti ya mama yake ikauliza.

Mwingine angeitupa simu. Sindano alijibu, "Nimekula, mama."

"Mwongo wewe. Sauti ya mtu aliyeshiba nisiijue mimi?"

Ikawa ndiyo desturi yake. Wenzake wakitoka kula mchana, yeye alibaki akapiga. Hakufurahi, hakuogopa, alikaa tu na mkonga sikioni, harufu ile ikimjaa puani. Mwishowe sauti ikaanza kuomba. Huku giza, mwanangu. Usinifute, sina njia nyingine. Na kama unanipenda, nifungulie na ya wodini, nimsalimie mdogo wako.

Sindano akaifungulia.

Mdogo wake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Kesho yake alishuka ofisini mguu mmoja peku, akafunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Dada," alinong'ona. "Mgonjwa wangu, yule mtoto wa kitanda cha dirishani, alibanwa na kifua. Nikampigia daktari. Akapokea mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Akaniambia, 'Mwache alale, mwanangu. Wote huishia kulala.'" Akasogea mezani. "Dada, alikuwa mama."

"Na mtoto?"

"Nilikimbia mwenyewe kumfuata daktari. Ameponea tundu la sindano." Akamtazama dada yake usoni. "Mbona hushtuki?"

Sindano aliutafuta mshtuko ndani yake, akaukosa. "Mimi ndiye niliyemfungulia," akasema.

Shangazi yao, aliyekuwa akiwatoa watu pepo na majini tangu wao hawajazaliwa, aliitwa akafika saa hiyohiyo akitweta, maana lifti hakuiamini. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akanusa, akatema mate pembeni.

"Marehemu haombi njia," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyekufa ameshafika. Anayeomba njia ni mwenye kutaka kupita."

"Basi litoe, shangazi," muuguzi akasihi.

"Mimi nitasoma dua, lakini aliyefungua ndiye afunge. Na wewe," akamshika Sindano kidevu, "litakuita. Ukijibu, hata kwa mguno, linabaki."

Shangazi akaanza kusoma, na Sindano akakaa mbele ya Ubongo, na kabla kidole hakijagusa kitufe cha kufuta simu ya mezani ikalia, kisha ya ofisi ya jirani, kisha simu za jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, na harufu ya udongo ikapanda hata muuguzi akajiziba pua kwa kanga ya shangazi, na bila mtu kunyanyua mkonga sauti ikaanza kutoka kwenye kila simu kwa pamoja, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mfanyakazi aliyelijua, ikimwambia kuna giza, kuna baridi, mwanangu unanizika mara ya pili, nijibu basi, niage hata kwa neno moja, na Sindano akauma ulimi mpaka akaonja damu, kitu cha kwanza alichoonja tangu msiba, akabonyeza.

Simu zikanyamaza. Harufu ikakatika kama taa. Shangazi akaketi sakafuni na kuomba maji.

Jioni ile mtoto wa kitanda cha dirishani alikaa mwenyewe akadai maziwa. Sindano alikagua Ubongo upya: kila programu iliyobaki ilikuwa na mwenyewe.

Nyumbani, mdogo wake alimlalia begani. "Nikumbushe, dada. Mama alikuwa akituitaje tukichelewa kurudi kucheza? Nataka nimsikie yeye, si lile."

Sindano akafumba macho. Uso wa mama aliuona, na mikono yake, na namna alivyosimama mlangoni amepinda kiuno. Midomo ya mama ikafunguka, na iliyotoka ni sauti ya kwenye simu. Akarudi nyuma zaidi, kwenye harusi, kwenye ugonjwa, kwenye utoto. Kote ilikuwa ileile, na kote ilisema mwache alale.

"Sikumbuki," akasema.

Mdogo wake akaanza kulia, akalia kwa ajili yao wote wawili.