Barua Pepe Kutoka kwa Dada

Rafiki yangu mpiga chapa hajui uongo, fani hiyo kaniachia mimi. Alikuta barua pepe ofisini, imetoka kwa dada yake aliyefanya kazi humo humo, waliyemzika mwezi mmoja kabla: "Fungua faili, usikie sauti yangu."

"Mama, usibonyeze!" fundi wa kompyuta akafoka. "Mmemzika mtu, anwani yake mmeiacha wazi! Matapeli wameingia humo. Hivyo ni virusi, vitakula mafaili yote." Akang'oa waya wa intaneti, akazima taa kwa mazoea, akaenda kumwita bosi.

Chumba hakina dirisha. Mpiga chapa akabaki peke yake gizani, mbele ya kioo cha kompyuta. Alitaka kuisikia sauti ile mara moja tu. Akaweka kidole kwenye kitufe.

Nyuma yake kiti cha marehemu kikalia kwi, kwi.

"Usifungue, mdogo wangu. Aliyeandika si mimi."