Mti Niliofungia Kitambaa

Kila asubuhi nilikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuteka maji kwenye mfereji, na kumpelekea Bibi chai yake ya maziwa yenye chumvi. Jumapili ile nilifagia ua mara mbili. Nilipoanza mara ya tatu, Mama aliacha kubandika mikate tanurini akanitazama.

"Sadbarg, vumbi limekwisha, sasa unafagia udongo wenyewe. Unataka tukaishi shimoni?"

Niliweka ufagio, nikapeleka chai kwa Bibi, na nusu yake ikamwagika njiani. Siku ile Fundi Murodali alikuwa anakuja kubebesha miti yetu, na mimi usiku kucha nilikuwa sijafumba jicho.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na miche sita ya aprikoti. Bibi aliiotesha kwa kokwa chungu, mwaka ule Baba alipotujengea nyumba kwenye kiwanja kitupu pembeni mwa kijiji. Mche wa kokwa chungu una mizizi ya nguvu. Hauogopi baridi wala kiu. Lakini ukiuacha uzae wenyewe, utapata tunda la kufukuzia ng'ombe. Lazima fundi aukate, aubebeshe kikonyo, yaani kijiti kilichotoka kwenye mti mzuri. Mti mzuri upi? Hapo ndipo nyumba yetu ilipogombana majira yote ya baridi.

Baba, anayefanya kazi ya ujenzi Urusi, alisema kwenye simu tuchague aprikoti zile kubwa nyekundu. Mama alitaka miche miwili iwe cheri.

"Cheri juu ya aprikoti!" Bibi alisema. "Basi mbebeshe na kuku juu ya mbuzi. Na hizo kubwa nyekundu ni maji tupu, ukizianika juu ya paa linabaki ganda. Nyinyi mnachagua kwa macho. Mti wa nyumbani unachaguliwa kwa mdomo, tena mdomo wa Januari, theluji ikiwa mlangoni na ghala limebaki na matunda makavu peke yake. Mimi nataka ile ya Tillo."

Babu Tillo alikuwa jirani yetu wa upande wa juu. Mwezi wa Julai uliopita alimletea Bibi bakuli la aprikoti ndogo za manjano. Bibi alikula moja, akafumba macho. Akavunja kokwa yake kwa jiwe, akala kiini, akafumba macho tena. "Kama lozi," alisema. "Tillo, nipe huu mti."

Kwetu ni hivyo. Machi miti yote ni fimbo tupu, hakuna anayeweza kuitofautisha. Kwa hiyo mti huchaguliwa Julai, wakati tunda liko mdomoni. Ukiupenda, unaomba ruhusa kwa mwenyewe, kisha unafunga kitambaa kwenye tawi. Fundi akija Machi anakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa.

Magoti ya Bibi hayapandi mlima. Alichana kipande cha gauni lake jekundu akanipa. "Nenda na Babu Tillo. Ufunge pale atakapokuonyesha."

Babu Tillo aliishia langoni kwake, akahema, akanyoosha fimbo. "Kule, nyuma ya mizinga ya nyuki. Usiogope, hawana habari na wewe."

Nilitazama ile mizinga ilivyokuwa ikinguruma. Nyuma yangu binamu yangu Mavluda alikuwa ananiita, "Sadbarg, njoo! Wenzetu wote wako mferejini wanaoga!" Babu Tillo alishageuka kurudi ndani. Nikafunga kitambaa kwenye mti wa kwanza, ule wa karibu na ukuta, nikakimbia. Niliwaza kwamba ningerudi kesho kukihamisha.

Kesho haikuja. Ulikuja ugonjwa, Babu Tillo akalala kitandani wiki ileile, na mwezi wa Desemba tukamzika. Shamba lile alilijua yeye peke yake.

*

Fundi Murodali alifika jua likiwa limeshachomoza, na fungu la vikonyo ndani ya gunia lililolowa.

"Asalamu alaikum, mama mkubwa! Nimepitia kwa marehemu. Kitambaa chako nimekiona toka barabarani, karibu na ukuta. Baridi mwaka huu imechelewa, macho ya miti, vile vichipukizi, bado yamelala. Lakini kesho kutwa jua likiwaka yataamka. Ni leo au mwakani."

"Ni leo," alisema Bibi. Alikuwa ameketi kwenye godoro dogo pembeni ya miche, amevaa shali yake ya sikukuu. "Nina miaka sabini na sita, Murodali. Mwakani usinitajie. Sina miaka ya kubebesha mara mbili."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilikwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mavluda, aliyekuja kutazama, alinivuta kando.

"Una nini wewe? Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga."

"Mavluda, kile kitambaa... sikukifunga kwenye mti wenyewe."

Alinikodolea macho, kisha akainua mabega. "Nyamaza basi. Aprikoti ni aprikoti. Mpaka izae, miaka minne. Nani atakumbuka?"

Niliyashika maneno yale kama mtu anayeteleza anavyoshika nyasi. Nani atakumbuka? Fundi alikata mche wa kwanza, akapasua shina, akachonga kikonyo, akakipenyeza, akafunga utepe, akapaka udongo. Mkono wake haukupoteza muda. Akaingia mche wa pili.

"Mjukuu wangu ndiye aliyeufuata huo mti," Bibi alimwambia. "Nyuki wote wale, na hakuogopa. Nimemwambia baba yake kwenye simu, akafurahi mpaka akakohoa."

Masikio yangu yakawaka moto.

Mche wa pili ukafungwa. Fundi alipofika kwenye wa tatu, Bibi aliinua mkono. "Ngoja. Huu aushike Sadbarg. Njoo, mama. Wewe ndiye uliyechagua, wewe ndiye useme bismillahi."

Nilipiga magoti. Fundi alinipa kikonyo mkononi. Kilikuwa chepesi, na baridi, na kilinuka ubichi. Wote walikuwa wananisubiri. Nilifungua mdomo, na jina la Mungu halikutoka. Ningelisemaje juu ya uongo?

"Bibi," nilisema, "hiki si cha mti ule ulioutaka. Ni cha mti wa ukutani tu. Niliwaogopa nyuki, halafu nikaenda kuoga. Babu Tillo alinionyesha nyuma ya mizinga."

Fundi aliweka kisu chini. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Nilimtazama Bibi nikingoja kelele, lakini hakupiga kelele. Uso wake ulijikunja polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane unaniletea chai na hilo liko tumboni?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe?" alimgeukia Mavluda. "Ulijua?"

"Mimi nimejua leo tu!" Mavluda aliruka. "Lakini... nilimwambia anyamaze."

"Tutaonana baadaye," Bibi alisema. Kisha akamuuliza fundi, "Kuna miti mingapi nyuma ya mizinga?"

"Mitatu. Na yote ni fimbo tupu, mama mkubwa. Tillo angekuwepo..."

"Tillo hayupo. Nipelekeni."

"Kule ni mlimani, magoti yako—"

"Murodali, hiyo toroli ya samadi inafanya nini pale?"

*

Ndivyo Bibi yangu alivyopanda mlima kwenye toroli, amekaa juu ya godoro lake, shali ya sikukuu kichwani, fundi akisukuma na mimi na Mavluda tukivuta kwa kamba mbele. Wanawake waliokuwa wakifua mferejini waliacha nguo.

"Mama mkubwa, unaolewa?" mmoja alipaza sauti.

"Naolewa, na mahari ni aprikoti!" Bibi alimjibu. Lakini mimi hakunitazama.

Langoni alitupokea Apa Savri, yaani Dada Savri, mke wa mwana wa marehemu. Aliposikia shida yetu alitikisa kichwa. "Mimi nimeolewa hapa mwaka juzi. Baba mkwe alikuwa anatuletea matunda kwenye bakuli, tunakula, hatuulizi. Mume wangu naye yuko kazini mbali, hata mti wa tufaha haujui mpaka aone tufaha."

Nyuma ya mizinga miti mitatu ilisimama kwenye mteremko, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Gome lilelile. Matawi yaleyale. Fundi alizunguka kila mmoja, akakuna kidevu. Miguu yangu haikutaka kutulia. Nikaanza kupiga teke majani yaliyooza chini ya mti, bila kufikiri, na kitu kigumu kikaruka.

Ilikuwa kokwa.

"Bibi, kuna kokwa! Mwaka jana hazikuokotwa?"

"Baba mkwe alikuwa mgonjwa," alisema Apa Savri. "Hakuna aliyeokota."

Bibi alijiinua kwenye toroli. "Haya! Fukueni. Kila mti fungu lake, msichanganye. Na mnaonja kidogo tu, halafu mnatema. Kiini kichungu ni sumu ukikila kingi."

Tulipiga magoti kwenye tope, mimi na Mavluda, na vidole vikafa ganzi. Kokwa za mti wa chini tulizivunja tano. Mavluda alionja, uso ukamkunjamana kama soksi. "Chungu! Chungu!" Fundi akacheka mpaka akashika ubavu.

Za mti wa katikati zilikuwa mchanganyiko, moja tamu, mbili chungu, moja tamu tena. Nilichanganyikiwa. Mti mmoja unazaaje namna mbili?

"Hauzai namna mbili," Fundi alisema. "Huu ni mteremko. Kokwa za juu zimebingirika zikaja kwa jirani. Tafuta kwenye mti ambao juu yake hakuna mwingine, katikati ya mizizi; kokwa za pale ni zake mwenyewe."

Nilikwenda kwenye mti wa juu kabisa. Juu yake palikuwa na jabali tupu, hapakuwa na mti mwingine. Niliingiza mkono kati ya mizizi nikatoa kokwa saba, ndogo, bapa upande mmoja. Nikavunja ya kwanza: tamu. Ya pili: tamu. Nikavunja zote. Nikampelekea Bibi viini kwenye kiganja chenye tope.

Alichukua kimoja, akakitafuna taratibu kwa meno manne aliyobakiwa nayo. Akafumba macho.

"Ndiyo huu," alisema.

Fundi alikuwa ameshapanda na mkasi wake.

*

Kabla ya adhuhuri miche minne ilikuwa imebebeshwa kutoka mti wa juu. Ikabaki ile miwili ya asubuhi. Fundi aliichunguza. Mmoja ulikuwa na shina refu, akaukata tena kiganja kimoja chini na kuubebesha upya. Wa pili ulikuwa mfupi.

"Huu nikiukata tena utakufa," alisema. "Uacheni. Utazaa kitu, sijui kitu gani."

Nilisubiri kuadhibiwa. Tulikuwa tumeketi juani, mkate wa moto katikati. Mwishowe Fundi Murodali alifuta kisu chake akanitazama.

"Mimi nimebebesha miti tangu sijaota ndevu," alisema. "Wote hukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kumbebeshea mtu miti kumi kwa vikonyo vya pea za mwitu. Lakini sikiliza, binti. Kosa likisemwa siku ileile ni maneno tu, unagombezwa, yanaisha. Lako lilikaa miezi minane, ndiyo maana limetugharimu mche na safari ya toroli. Ungelinyamazia na leo, lingeota mizizi. Bibi yako angelila kila Januari na asijue ni nini kimeharibika. Uliponyamaza uliogopa. Uliposema pia uliogopa. Hofu ni ileile, kwa hiyo siku nyingine chagua kusema mapema, iishe."

"Umesikia?" Bibi aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu asubuhi.

"Nimesikia, Bibi."

"Ule mfupi ni wako. Utaumwagilia wewe, utaufunika wewe baridi ikija, na Mavluda atabeba samadi, kwa ushauri wake mzuri. Ukizaa machungu, mtakula nyinyi wawili wa kwanza, mbele yangu."

Mavluda aliguna. Mimi nilipata ujasiri kidogo.

"Na ukizaa matamu, Bibi?"

"Ukizaa matamu utaniletea kwenye bakuli," alisema, akinikatia kipande cha mkate. "Na baba yako akipiga simu jioni, mimi sitasema kitu. Utamweleza wewe."

Jioni simu ilipolia, nilikuwa wa kwanza kuinuka.