Mwenyekiti na Kichwa Kisicho na Tela

Msimu wa kulima ukifika, kila Jumamosi asubuhi msichana Robi alitangulia na kamba, na binamu yake Simioni alifuata na fimbo. Katikati yao walitembea maksai wawili, Mwenyekiti na Katibu. Mzee Kisyeri, baba yake Robi, aliwapa majina hayo kwa sababu mmoja alipenda kutangulia na mwingine alikubali kila kitu. Watu wa Gorong'a waliapa kwamba Mwenyekiti aliwahi kulima shamba zima la kanisa kabla uji wa mchungaji haujapoa. Hapo waliongeza chumvi, lakini nguvu alikuwa nazo kweli.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya barabara. Miaka ile kila mtu alikuwa akiota dhahabu, na malori yalipeleka mitambo machimboni kutwa. Kwenda yalivuta matela marefu kama hotuba ya mgombea. Kurudi, mengine yalikuja kichwa tu, tela limeachwa huko lipakuliwe.

Siku hiyo manyunyu yalikuwa yamelowesha udongo. Robi alisikia mngurumo mlimani, akashika kamba vizuri. "Tusubiri lipite."

"Unaogopa kichwa kitupu?" Simioni alicheka. "Lenye mzigo ndilo la kuogopwa. Hicho ni chepesi kama baiskeli! Dereva akigusa breki, kinasimama hapo hapo. Pita, au nikuitie mama akushike mkono?"

Robi hakupenda kuitiwa mama. Akapita.

Dereva, Faraji, alikanyaga breki. Kichwa hakikusimama. Nyuma hakukuwa na mzigo wa kuyakandamiza magurudumu, basi yakarukaruka, yakateleza, na kichwa kikaja ubavu ubavu kama mlevi anayetafuta mlango. Robi aliuona uso wa Faraji nyuma ya kioo, akizungusha usukani kwa nguvu zake zote kumkwepa. Robi akaruka pembeni. Katibu alichomoka. Mwenyekiti alipigwa ubavuni, akaanguka, hakuinuka tena. Kichwa kikaishia mtaroni.

Sasa, huku kwetu ng'ombe akifa ajalini, nyama haingoji. Watu walichomoza na mapanga utadhani migomba imewazaa. Wa kijiji cha Itiryo walikuja kwa kufuata harufu tu. Kabla injini haijapoa, Mwenyekiti alikuwa ameshagawanywa. Vijana walikisukuma kichwa kutoka mtaroni ili njia ifunguke. Mvua nayo ikafuta alama za matairi.

Mzee Kisyeri alimvuta Robi kando. "Trafiki akija, sema mlikuwa pembeni mnangoja, lori likawafuata huko huko. Umesikia? Maksai mmoja halimi. Tusipolipwa hatulimi, na tusipolima hatuli."

"Na dereva je, baba? Si atafungwa?"

"Atajijua mwenyewe."

Robi alimtazama Faraji. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkono wake uliovunjika umefungwa kwa kanga ya mama mmoja.

Afande Bernadetha wa trafiki alifika kwa pikipiki. Alimwamkia mzee, kisha akauliza, "Ng'ombe aliyegongwa yuko wapi?"

Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kila jiko.

"Ameshagawanywa, afande," sauti moja ikasema.

"Lori lilisimama wapi?"

"Tumelisogeza kidogo."

"Lo! Ushahidi nusu mmeula, nusu mmeusogeza!" Afande alitikisa kichwa. "Nani aliyeona?"

Macho yote yakamgeukia Robi.

"Shikamoo, afande. Mimi ndiye niliyeingiza ng'ombe barabarani. Nililiona likija. Nilidhani kichwa bila tela kinasimama upesi. Lakini lilishuka mlima kwa kasi. Halafu dereva akakata kuelekea mtaroni, asinigonge."

Mzee Kisyeri alikohoa kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa Mwenyekiti.

Wakati huo mwenye lori alikuwa amefika kutoka Tarime mjini. "Mimi hayanihusu," alisema huku akifuta viatu. "Tela halikuwepo, kwa hiyo huyu hakuwa kazini. Alikuwa katika mizunguko yake."

Faraji akasimama. "Bosi, mtoto huyu amejitaja mwenyewe. Basi na mimi najitaja: nilikimbiza gari. Lakini ni wewe uliyeniagiza niache tela machimboni niwahi kuchukua jingine."

Mwenye lori akaacha kufuta viatu.

"Kichwa kina namba yake na bima yake, kiwe na tela kisiwe na tela," alisema Afande Bernadetha. "Uliyemtuma ni wako. Mzee atadai kwenye bima, nao watapima makosa ya kila upande." Kisha akawageukia watoto. "Breki za gari hili zimetengenezwa kwa ajili ya kuzuia mzigo mzito. Likiwa tupu, nyuma linaelea, hasa penye utelezi. Wepesi wake ndio hatari yake."

Safari hii Simioni hakucheka.

Madai yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Msimu huo walilima kwa maksai wa kuazima kutoka kwa shemeji wa Kenyamonta. Mwishowe bima ililipa, si yote, kwa kuwa Robi naye alikosea. Fedha zilitosha kununua fahali mchanga tu, na Robi ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha kulima. Akamwita Shahidi.

"Nilikufundisha uongo, binti yangu," Mzee Kisyeri alisema siku walipomleta. "Uongo huo ungeanguka kwenye swali la pili, na dereva asingefungua mdomo. Ukweli wako umetupunguzia malipo, lakini bila huo tusingelipwa kabisa. Sikieni nyote: gari likija, hata kichwa tu, subirini lipite. Na ajali ikitokea, saidieni walioumia, mengine yaacheni hadi trafiki afike. Nyama haikimbii."

"Ikioza je, mjomba?" aliuliza Simioni.

"Wewe mura, kijana wewe, shika fimbo yako!"

Jumamosi iliyofuata, mngurumo ulisikika tena mlimani. Kilikuwa kichwa kitupu. Simioni ndiye aliyesema wa kwanza, "Tusubiri." Shahidi alitaka kwenda, Robi akamvuta kamba mpaka akasimama. Katibu, kama kawaida yake, alikubali.